Moyo Guni

Karatasi ni ya waridi, miraba juu ya miraba,
imetoka mashinini ingali vuguvugu.
Sista Zuwena akaibandika kwenye kioo cha dirisha,
tukaiona Wete nyuma yake:
mabati ya soko, mkeka wa karafuu uliosahauliwa na mvua yaja.
"Someni," akasema.
Sikuona neno.

Mie mshona kofia. Ada ya muhula wa kwanza
ni kofia saba za viua na macho yanayowasha.
Kuhesabu matundu najua.
Basi nikahesabu: midogo mitano ndani ya mkubwa;
mia tatu, gawanya kwa mikubwa
iliyo kati ya kilele na kilele.
Minne. Sabini na tano!
"Hiyo kasi," akasema. "Nambieni anavyotembea."

Kwanza kilima kidogo, P: hodi mlangoni.
Kimya kifupi, mtu anatafuta kandambili.
Kisha mlango, QRS, mwembamba, wa ghafla.
Kisha T, mwenye nyumba anarudi kuketi.
Hodi, karibu, kaa.
Hodi, karibu, kaa.

Uko moyo wenye deni:
leo hodi inachelewa kujibiwa,
kesho inachelewa zaidi, keshokutwa zaidi,
siku ya nne anabisha na hafungui mtu.
Ya tano mlango wazi, upesi, kama hapakutokea kitu.
"Huyo mjomba wangu nikimdai," Hidaya akacheka.

Na uko usiobisha kabisa. Vilele vinakuja vitakavyo,
mbali, karibu, karibu, mbali,
na chini mstari unatetemeka
kama midomo ya asiyetaka kulia.
"Huu moyo guni," alisema Sista,
"hauna vina, hauna mizani.
Lakini msiudharau. Watu wanauza mihogo nao miaka."

Alhamisi tukapimana wenyewe.
Wavulana nje, pazia tumelifunga kwa pini za ushungi.
Zamu yangu nikalala. Jeli baridi.
Hidaya akahesabu mbavu zangu kwa kidole: ya nne, hapa.
Usiseme. Usicheke.
Mashine ikanitema.

Minne. Minne na nusu. Mitano.
Mitano. Minne na nusu. Minne.
Hodi zipo zote. Mwendo ndio hauko sawa.

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba baba alianguka
Kiuyu, asubuhi, akifunga mkanda wa saa;
wakasema siku yake imefika,
nami sikubisha, siku ilikuwa yake kweli,
lakini karatasi haikuwapo.
Hakuna mraba hata mmoja wa baba yangu.

Sista akavaa miwani.
"Vuta pumzi." Nikavuta.
"Iachie." Nikaiachia.
Hidaya, vidole kwenye kiwiko cha mkono wangu, akitaja:
upesi, upesi, taratibu... taratibu.
"Umeona? Ukivuta unakimbia, ukiachia unatembea.
Ujana huo. Haya shuka, mwenzio anangoja."

Nikashuka, nikajifuta kwa ncha ya kanga.
Karatasi nikaikunja, nikaitia ndani ya kofia ya nane,
iliyobaki upande mmoja,
na usiku, kabla ya uzi na sindano,
nikaitoa, nikaisoma kwa sauti
hodi, karibu, kaa,
hodi, karibu,
mpaka mama akauliza toka chumbani
nani huyo anabisha saa hizi.