Swichi ya Saa Nne

Kazi yangu ni kuudanganya usiku.
Saa nne kamili, Kimosop akishaandika jina langu getini,
naingia banda namba saba, hapa Subukia,
napapasa nguzo, naipata swichi,
na krisanthemamu elfu arobaini
zinagutuka zikidhani kumekucha.

Saa nane nazima.
Ndivyo ratiba inavyotaka: usiku ukatwe pingili mbili, kama muwa,
pasiwe na pingili ndefu ya kutosha
mmea kulala hadi uote ua.

Bosibori ndiye aliyenifunza, wiki ile ya kwanza,
tukichuma vichipukizi kwenye mimea mama
(urefu wa kidole cha kati, usizidishe),
tukivichovya kwenye unga mweupe wa mizizi
na kuvidunga kimoja kimoja katika mboji.
“Haya hayahesabu jua, dada. Yanahesabu giza.
Na huku kwetu giza halipungui, Januari hadi Januari.
Ukiyaacha yafuate mbingu ya Subukia
yatachanua yakiwa hapa,” akagusa kifundo cha mguu.
“Machanga. Nani atanunua?”

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Mimi nilichanua darasa la nane.
Hakuna aliyeniwashia taa.

Agosti, tarehe ishirini na tatu,
swichi inazibwa kwa utepe mwekundu.
Mimea imefika magotini; sasa inaruhusiwa kujua ukweli.
Meneja haliamini hata giza la Mungu:
saa kumi na moja tunavuta turubai jeusi,
jua likiwa bado linawachoma ng'ombe mabegani.
Wiki tisa. Tunanyofoa vitumba vya kando,
kimoja tu tunakiacha kileleni
kile chakula cha ndugu zake.
Kucha zangu hubaki kijani hadi Krismasi.

Mzigo huu una siku moja:
Novemba mosi, ng'ambo, watu hupeleka maua makaburini.
Novemba mbili, ua lile lile ni takataka.
Wafu wao wana miadi.

Wetu tulimzika Kimilili, mvua ikinyesha,
msalaba wa mbao, fundi akasahau herufi:
NEKOE.
Mama hakuwahi kupewa ua. Alipewa leso, sukari,
mara moja redio.

Mwaka juzi transfoma ililipuka
na jenereta ikagoma kama punda wa maji.
Siku tano banda lilipata usiku mzima mzima.
Nilikaa kwenye ndoo, katikati ya safu,
tone la maji, kimya, tone,
nikawa na hakika naisikia ikihesabu.
Baada ya wiki tatu vitumba vilijaa, mimea mifupi, mifupi!
“Imekosea tarehe,” meneja akasema. “Shimoni.”

Nilichukua kumi na miwili, na mizizi yake,
ndani ya mfuko wa unga wa ugali.
Kimosop alipaswa kunipekua.
Aligeuka akatazama barabara, kwa muda mrefu,
barabara isiyo na gari.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano.
Nikiwa zamu, taa ya chumba haizimwi,
asome, asisome, iwake.
Tokeni za stima zinaisha upesi. Nanunua nyingine.

Jana kaka alipiga simu kutoka Kimilili.
“Yale majani yako kaburini yametoa maua tena.
Mafupi sana, hayafiki hata kwenye jina.”
Huchanua mwezi gani, nikamwuliza.
Akanyamaza, kama mtu aliyeulizwa
kuku hunywa maji saa ngapi.
“Mwezi wowote tu,” akasema. “Yakitaka.”

Saa nne.
Kidole kiko kwenye swichi.
Siku hizi nahesabu kwanza, polepole,
moja hadi kumi,
ndipo nabonyeza.