Ukingoni, Shimo la Mungu

Umeme ulikatika wakati wa prepo, saa moja na robo,
nina chaki mkononi na neno moja ubaoni: shimo.
Nikawaambia Kidato cha Nne, twendeni ukingoni,
kila mtu na sweta lake, na Nangumbi aache kuimba.

Hapa Newala ardhi imekatwa kama mkate.
Chini ni giza, mbele ya giza Ruvuma,
mbele ya Ruvuma nchi ya watu.

"Mwalimu, shimo jeusi lilichimbwa na nani?"
Ni Somoe, ambaye mama yake aliteka maji bondeni
miaka kumi na tisa, kabla ya bomba.

Halikuchimbwa. Lilianguka.

Nyota ni ugomvi, nikasema.
Uzito wake unaivuta ndani, ijikunje, ijimeze;
moto wa moyoni unasukuma nje: bado, bado.
Mamilioni ya miaka hapatikani mshindi,
na sisi huku chini ugomvi ule twauita mwanga.

Lakini moto hula.
Ulikula hidrojeni ikaisha,
ukala majivu yake, heliamu,
ukala majivu ya majivu, kaboni, oksijeni,
kama sisi mwaka ule bei ya korosho ilipoanguka:
tulikula akiba, tukala mbegu,
tukaanza kuyatazama mabati ya paa.
Mwisho moyo ukajaa chuma,
na chuma, ukichochee utakavyo, hakikupi joto.

Ndipo. Kabla sijamaliza kuita "Nangumbi!"
moyo uliokuwa mkubwa kama dunia
umejikunja, waenea kati ya hapa na Kitangari.
Maganda ya nje yanalipuka, yanang'aa kushinda nyota bilioni.
Ndani, ikiwa nyota ilizaliwa nzito kupita kiasi,
kuanguka hakukomi.

"Aliyeko juu mngoje chini," akasema Nangumbi,
darasa zima likacheka.
"Na jua letu je?" Bakiri, kwa sauti ndogo.
Letu jepesi. Litapoa kama jiko la mkaa,
na siku hiyo hatutakuwepo kuteleka chochote.

Somoe hakucheka. Alikuwa anaitazama njia ya bondeni.
Basi nikamwambia yeye, si darasa:
mteremko ukiwa mkali, mama alipanda akihema.
Ukizidi, alitua ndoo mara tatu.
Sasa fikiri mteremko ambao hata mwanga,
usioshindwa mbio na kitu, usiobeba ndoo,
hauwezi kuupanda ukafika juu.
Mpaka wake hauna uzio wala bango.
Ukishauvuka, njia zote zaelekea ndani,
hata ile uliyojia.
Weusi wake si rangi.
Ni habari ambazo hazikurudi.

"Sasa wanalionaje?"
Kwa majirani zake. Usiku wa manane kisima hukioni;
waona taa za watu zimekizunguka,
wajua pale katikati pana kitu.

Umeme ukarudi. Mji mzima ukapiga kelele,
nyota nusu zikafutika,
na watoto wakaanza kukimbilia bweni.
Somoe alibaki, vidole vya miguu mwisho wa jiwe.

"Mama alikuwa anarudi," akasema.
"Kila siku. Na maji."

Sikuwa na hesabu ya kumjibu.
Getini niliwahesabu: thelathini na moja.
Nikahesabu tena.