Ukurasa wa Saba

Mkaguzi alikuja Kangagani kwa pikipiki,
tochi shingoni, bisibisi mfuko wa shati,
ngazi kaiazima skuli.
Shaame Khatib, kijana wa Mkoani,
simjui kwa wema wala kwa ubaya,
na ndiyo sababu nikamchagua.

Shemeji yangu akacheka:
"Nyumba hii kila mtu anaijua.
Imeozesha mabinti watatu, imetoa maiti wawili,
nawe unataka ipimwe kama mkojo?"

Nimepima mikojo miaka thelathini na moja,
wodi ya wanawake, hospitali ya Wete.
Nimeona mashavu yanang'ara
na ndani damu imekwisha.
Kiinua mgongo changu ni kimoja,
na mgongo wenyewe ndio huu.

Basi akaanza.
Akagonga ukuta kwa sarafu:
tik, tik, tik, kisha tup.
Hapo chokaa imeachana na jiwe zamani,
ila mbele za watu bado wamesimama pamoja.
Akakwaruza linta, akalamba kidole.
"Mchanga huu umechotwa pwani, haukuoshwa.
Nondo inaliwa kimyakimya."

Akashusha kalenda ya mwaka elfu mbili na tisa
iliyokwama mwezi wa Machi.
Methali ya ufa naijua tangu chuoni;
sikufundishwa kwamba ufa
huweza kutundikiwa kalenda.
Akatia sarafu yake mle.
Ikazama. Hatukuiona tena.

Kutoka choo hadi kisima, hatua tisa.
Akanitaka nami nihesabu.
Zangu zikatoka kumi na moja, miguu yangu mifupi.
Akaandika tisa.

Darini alikaa muda mrefu.
Vumbi likatushukia kama unga wa muhogo,
tukasikia bisibisi
ikiingia mtini bila ubishi.

Ripoti kurasa kumi na moja,
laki moja na nusu,
ambazo shemeji kazigeuza samaki, fungu kwa fungu.
Hakuandika maradhi tu:
msingi umekalia mwamba,
mlango wa mbele ni mfenesi, utatuzika sote.
Bati la kusini, miaka minne, labda.
"Labda" kaiandika kwa wino uleule.
Nikampenda kwa hiyo labda.

Nilikwenda na kurasa zangu kukata bei,
nimezikunja pembe kila palipo na ugonjwa.
Bi Mize Hamad, mwenye nyumba,
mtoto wa jicho kamfunga macho yote mawili,
akanimiminia uji wa pilipili manga, akasema:
"Nisomee."

Nikasoma. Msingi: akaitikia.
Mfenesi: akacheka, marehemu aliuleta
kwa gari la ng'ombe kutoka Chwale.
Kalenda: akanyamaza.
Ukurasa wa saba, sauti ikanishuka.

*Boriti ya tatu, chumba cha kulala.
Kichwa kinachoingia ukutani kimeliwa na mchwa.
Kilichobaki kinashikwa na rangi.*

"Rudia."
Nikarudia.
"Ya tatu ukihesabia mlangoni?"
Mlangoni.

Akaliweka bakuli chini taratibu,
kama kwamba kishindo chake
kingesikika darini.
"Nalala chini yake siku zote.
Na usiku wa Ijumaa mjukuu hulala nami."

Uso ule nnaujua.
Nimewatia watu uso ule mara nyingi,
karatasi ya maabara mkononi.
Nilidhani nimelipia macho yangu mwenyewe.

Bei hatukuitaja.
Tulikishika kitanda, yeye upande wa mto,
mimi miguuni,
tukakiburura hadi ukumbini,
kikachora mistari sakafuni
ambayo haimo katika ripoti.

Dirishani shemeji anauliza:
"Enhe, imeshuka ngapi?"

Tulikuwa bado tunahema.