Kitenzi

Walimsuta Jumatano, baada ya alasiri,
Bwana Faki Shehe wa kamati ya maji,
pale Mtambwe, penye bomba lisilotoa hata jasho.
Wanawake kumi na tisa, sare ya kanga,
nyekundu, wameichangia Wete, na jina lake chini:
*Maji uliyoninyima hayatakutakasa.*
Mama yangu alipiga ndoo tupu kwa upawa.
Bi Mchanga, mwenye sauti, akaanza:
“Faki, weye! Kwako mbuzi wanywea hodhi,
sisi twagombea kisima na vyura.
Faki, weye! Mwanangu yuwenda skuli
na tongo za jana!”
Naye kasimama, kofia mkononi,
anatazama vidole vya miguu yake
kana kwamba ndivyo vilivyomleta.

Mie ndiye mwandishi wa mradi.
Ripoti yaenda Unguja, toka Unguja yaenda mbali,
kwa watu wasiojua ndoo tupu inavyolia.
Nikaandika *walimsema*: nyepesi, kama uvumi.
Nikaandika *walimlaumu*: kama mtoto aliyevunja kikombe.
Kusuta, kwa Kiingereza, nilikutafuta
mpaka taa ya chaji ikafifia.
Ndipo kamusi ya marehemu baba,
ile iliyoliwa na mchwa ikaishia D,
ikanipa, ukurasa mzima wa kwanza uliobaki,
kitenzi cha herufi tisa, ya pili eksi,
herufi ambayo kwetu haina hata kigoda.
Neno limevaa suti.
Neno la kukupa mkono huku likitazama saa.
Nililipenda, sisemi uongo.
Nikaliandika mara mbili:
moja kwa ajili ya sentensi,
moja kwa ajili yangu.

Asubuhi, tukichambua karafuu na vikonyo vyake,
mama akauliza: “Umetuandika vipi?”
Nikamsomea. Akangoja.
Nikamweleza asili yake, kama kamusi inavyosema:
Kilatini. Kuchuna ngozi.

Vidole vyake vikasita.
“Nani aliyemchuna?
Sisi tulimsuta. Mbele ya watu wake,
ili jioni arudi kwa watu wake.
Haya hukaa kwenye ngozi, mwanangu.
Umeshamchuna, aibu ataivaa wapi?”
Nikasema ndivyo wasemavyo wasomi,
hapana kisu chochote.
“Basi lifute.”
Nikasema imeshakwenda.
Akarudia vikonyo vyake,
na hakunipa tena chungu yangu nichambue.

Siku ya tatu bomba lilikohoa, likatoa kutu, likatoa maji.
Hilo hakuna aliyeliandika.
Jumamosi Bi Mchanga alimpelekea Faki mkate wa kumimina
kwenye sahani ya maua,
na sahani ikarudi na ndizi mbili.
Kwa hesabu ya Mtambwe, yalikwisha hapo.

Kwa ofisi ndiyo kwanza yalianza.
Wiki ya tano ikaja barua yenye muhuri,
na ndani yake, katikati ya alama za kunukuu,
neno langu, wino mzito, limenenepa.
Akavuliwa kamati.
Akavuliwa na ulinzi wa pampu, uliokuwa ndio unga wake.

Jana nimemkuta dukani kwa Asaa Mbwana,
sukari robo, ya kuandikwa daftarini.
Akaniamkia yeye kwanza.
Akatoa barua, imekunjwa mara nane,
akaikunjua juu ya kaunta taratibu
kama mtu anayebandua plasta,
akaweka ukucha chini ya lile neno.

“Mwandishi,” alisema, wala hakuwa na hasira,
“watu waniuliza nimefanywa nini.
Nami nataka niwajibu sawasawa.
Hili hutamkwaje?”

Mie niliyeliandika mara mbili
sijapata kulisikia kinywani mwa mtu.
Nikafungua mdomo.
Asaa akaiacha sukari kwenye mizani,
naye akasubiri.