Bado

Lipo Upanga, nyuma ya ghorofa la kijani,
chini ya ngazi, limefunikwa turubai la kampeni
la mgombea ambaye hata jina limeshapauka.
Datsun ya milango miwili, pua ndefu, matako mafupi.
Rangi yake ya chungwa imebaki kwenye mikunjo tu,
kama bizari chini ya kucha baada ya shughuli.
Kwingine kote ni kutu.

Bi Nargis anataka milioni nne.
"Marehemu alilileta kutoka Tanga, limebebwa na lori,
akasema miezi sita."
Anacheka, anatikisa funguo.
"Mwaka wa tisini na moja."

Nimekuja na fundi Mwinjuma wa Gerezani,
mtu asiyesifia kitu mbele ya mwenye nacho.
Ametoa mfukoni sumaku ya spika mbovu,
ameivisha kitambaa isichubue rangi.
Rangi ipi, namuuliza. Hajibu.
Anaipitisha ubavuni polepole.
Inaposhika, kuna chuma. Inapoanguka, ni pati.
Mlangoni inashika. Inashika. Inaanguka.
Juu ya gurudumu inaanguka.
Kwenye kizingiti hahitaji sumaku:
kidole kinaingia mpaka kwenye pete.
"Sakafu?" nauliza.
Anafungua mlango, ananionyesha mchanga wa Upanga
na jongoo anayekatiza mahali pa klachi.

Tumpale aliniambia jana usiku, akikunja nguo,
hakuinua hata macho:
"Nyumba haina paa, nawe unataka gari lisilo na sakafu.
Labda ukiviunganisha utapata kitu kimoja kizima."

Hiyo milioni nne ni bati za Kivule.
Mia moja na kumi, geji ishirini na nane, bei ya Buguruni,
nimeiandika nyuma ya risiti ya luku.
Kuta zimenyeshewa masika matatu,
zimeota ukungu kama mkate uliosahaulika,
na mimi nasimama hapa napima bati jingine,
lenye matundu tayari.

Lakini niliwahi kuliona likiwa zima, hili au ndugu yake.
Nilikuwa darasa la nne, Chang'ombe, nimetumwa mafuta ya taa.
Lilipita likiunguruma chini chini,
kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema,
nami nikasimama, chupa mkononi,
mpaka vumbi lote likatua.
Nilichapwa kwa kuchelewa.
Fimbo siikumbuki.

Mwinjuma ananivuta pembeni.
"Injini imeganda. Gia boksi, tumwachie Mungu.
Bodi nitaichonga, kipande kwa kipande,
ila usiniulize lini.
Kutu ya mji huu haina Jumapili."
Kisha huyu asiyesifia anaipapasa boneti,
akidhani simtazami,
kiganja chote kimelala.

Bi Nargis ameshuka tena na daftari la shule,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha.
"Hili siuzi. Nakuazima. Soma kabla hujaleta hela."

Mwandiko umeinama kulia, wino wa bluu.
*Kabureta: imepatikana, Nairobi.*
*Kioo cha nyuma: kimepatikana.*
*Taa ya kushoto: bado.*
*Raba za milango: bado.*
Halafu kurasa na kurasa za bado,
bado yenye tarehe, bado iliyopigiwa mstari mara mbili,
bado iliyofutwa ikaandikwa upya palepale,
na ukurasa wa mwisho, kwa penseli:
*Kumpeleka Nargis Bagamoyo, vioo vyote wazi. Bado.*

Nililiweka mezani, karibu na risiti ya luku.
Tumpale alilisoma amesimama, kisha akaketi.
Chai yake ikaota utando.
"Huyu lakini alikuwa na paa," akasema.
Daftari hakunirudishia.