Puliza Tena

Mama yake alicheka: "Filimbi ni ya refa,
ya polisi, ya mkuu wa stesheni akiliaga treni.
Wewe, Aikaeli, unamuaga nani?"
Hakujibu. Alikuwa na miaka kumi na saba
na filimbi ya fedha iliyochubuka,
aliyorithi kwa mwalimu wa kwaya kule Machame
kwa kuwa tarumbeta zilikuwa zimekwisha
na yeye alifika kanisani wa mwisho.

Mimi nilikuwa mbeba spika.
Hakuna picha yangu hata moja,
ila mgongo huu unakumbuka ngazi za kila ukumbi,
Majengo, Pasua, hadi Kiboriloni.
Radi ya Kibo walikuwa wanne:
Baltazari na gita lililokoroma
kama lori la ndizi likipanda Kibosho;
Shafii wa Njoro, aliyezipiga ngoma kama anazidai;
Pareso na besi, hasemi mpaka Jumapili;
na huyu mwembamba wa pembeni
ambaye watu walidhani amekuja kutengeneza maikrofoni.

Baltazari hakumtaka.
"Roki ni umeme. Pumzi mpelekee mchungaji."
Basi kila onyesho akaongeza sauti,
na kila onyesho Aikaeli akasogea mbele nusu hatua.
Wahenga waliacha la ngoma:
ikivuma sana hupasuka.
La filimbi hawakuacha. Nimelitafuta mwenyewe:
haishindani na gita, inalizunguka,
kama maji ya mfereji yanapolikuta jiwe
yakielekea mgombani kwa mtu.

Kisha ule usiku umeme ulipokatika, nyuma ya soko.
Sitasema watu walilia.
Walidai kiingilio chao.
Chupa ilirushwa. Mlinzi alitafuta kibatari,
akakanyaga waya zangu, akatukana.
Na gizani filimbi ikaendelea
pale pale wimbo ulipokuwa umefika,
bila haraka, bila kujionyesha.
Ilipofika sehemu ya gita, akanyamaza.
Akamwachia Baltazari nafasi yake yote, tupu,
mapigo nane,
nami niliyekuwa karibu nilisikia kiatu chake
kikihesabu juu ya ubao.
Saba. Nane.
Akaingia.

Baltazari hakusema neno.
Onyesho lililofuata, sauti ya gita ilishuka,
kidogo tu, kama mtu anayekubanisha
ili ukae naye kwenye benchi.

Walirekodi kanda moja. Upande wa pili
uliharibika kwenye jua la dirishani.
Walifika Nairobi mara mbili, mara ya pili walilipwa.
Bendi haikufa kwa ugomvi wala kwa wanawake;
ilikufa kwa spika.
Niliziuza mimi, kwa mhubiri wa Bomambuzi,
na mpaka leo akipaza sauti kumfukuza shetani
nasikia kwa mbali mkwaruzo wa gita.

Aikaeli akaenda kiwanda cha kukoboa kahawa.
Miaka ishirini na miwili ya vumbi la maganda,
filimbi ya kuingia zamu, filimbi ya kutoka.
Zote za mtu mwingine.
Ile ya fedha aliifunga kwenye kitenge cha mama yake.
Niliwahi kumuuliza kama bado anapiga.
Akasema, "Naipangusa."

Jana nimempeleka KCMC.
Daktari kijana, kalamu tatu mfukoni,
akampa bomba la plastiki lenye mshale:
"Vuta hewa, mzee, halafu puliza kwa nguvu zote."
Akapuliza. Mshale ukapanda kidogo, ukakata tamaa.
"Puliza tena."
Mshale haukufika hata pale pa mwanzo.

Ndipo nikaviona vidole.
Juu ya bomba lisilo na tundu hata moja
vilikuwa vimejipanga, kila kimoja mahali pake.
"Mkono mmoja unatosha, mzee," daktari akasema.
Hakuuondoa wa pili.
"Haya, mara ya mwisho. Puliza."
Akanyamaza, macho ameyafumba.
Daktari alidhani amechoka, akataka kulichukua bomba.
Nikamshika mkono, nikamwambia ngoja,
kwani chini ya kiti
kiatu kilikuwa kwenye tano.