Imevuka Holili

Fundi Elinaja alisema:
prosesa ipo, imeshavuka Holili,
inaingia hata kwenye kikongwe kama hiki;
utabonyeza, itaitika kabla hujaondoa kidole.

Alisema hivyo kabla ya masika.
Sasa kahawa imeiva huko Kibosho
na mimi bado nawasha saa kumi na mbili
ili mteja wa saa mbili aikute imeamka.

Feni inakoroma. Nafuta vumbi kwa brashi ya rangi.
Mama Ndeshi kaleta barua ya kudai shamba:
herufi, subira, herufi.
"Usihangaike," ananiambia,
"hata mimi bado natafuta la kusema."

Fundi kapita mlangoni, simu sikioni:
"Wiki ijayo!"
Nimemjibu, "Amina,"
nikiingoja herufi ya mwisho
ya neno marehemu.